Mapera Yasiyoliwa

Msimu wa mapera ukianza, akina mama sokoni Tabora huyapanga mafungu juu ya kiroba, na harufu hukufikia kabla hujaliona beseni. Mganda akipita hapo akasikia "Mapera! Mapera!" atatabasamu, kwa kuwa kwao Mapeera ni tunda na ni padri.

Padri mwenyewe ni Siméon Lourdel, Mfaransa wa shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Ndio tuliowazoea kwa jina la Mapadri Weupe. Weupe huo ni wa kanzu, si wa ngozi. Mwaka 1878 kumi kati yao walitoka Bagamoyo kwa njia ileile ya pembe na watumwa, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi. Mmoja, Padri Pascal, alifia njiani. Tabora ndipo walipoagana: wanne wakashika njia ya Ujiji, watano wakageukia kaskazini, Nyanza. Februari 17, 1879, Lourdel na Bruda Amans wakashuka mtumbwini Entebbe.

Wawili tu. Na bruda wa Kifaransa hamwiti padri kwa jina, humwita "mon père", yaani baba yangu. Si ajabu Waganda, waliolisikia asubuhi hadi jioni, wakaona ndilo jina la mtu. Ile "mon" ya kutolea puani ikawa "ma", mwishoni ikabandikwa irabu kama ilivyo ada ya lugha zetu, akazaliwa Mapeera. Anayesema "Padri Mapeera" basi anasema padri baba yangu.

Tena kuna undugu ndani yake. "Père" imetoka kwenye "pater" ya Kilatini. Padri wetu naye katoka hukohuko, ila kaletwa na Wareno, waliotia nanga pwani yetu mwaka 1498. Neno moja limetuingia mara mbili: pwani kwa merikebu, bara kwa miguu. Hata pera ni la Wareno. Kwao ni pea. Wafaransa nao hawakuondoka mikono mitupu: kamusi zao zina "safari".

Lourdel alifariki mwaka 1890. Leo makao makuu ya benki ya Centenary jijini Kampala yanaitwa Mapeera House. Mtu wa Tabora akikuuliza kama humo wanauza matunda, mwambie hapana, ni nyumba ya Baba Yangu.