Vile Rimiksi za Kihindi Ziliingia Kwa Flashi Yako, na Vitu Mbili Zenye Zilipotea Njiani

Umepanda nganya Ruiru, miksi ya flashi inatoka Gengetone inaingia Amapiano, halafu ghafla sauti ya dem Mhindi juu ya besi nzito. Wasee wanatikisa kichwa na hakuna hata mmoja anajua Kihindi. Hiyo ngoma ilifikaje Thika Road?

Ngoma za kitambo, biti mpya

2002, India ilichizi na rimiksi ya "Kaanta Laga". Orijino ni ya filamu ya Samadhi, 1972: muziki wa R.D. Burman, sauti ya Lata Mangeshkar. Maprodusa waliirekodi upya, wakaiweka biti ya klabu, vijana wakaimeza mzima mzima. Uingereza nako, Panjabi MC alikuwa ametoa "Mundian To Bach Ke" 1998. Ilipolipuka Ulaya, Jay-Z akaongeza mistari yake 2003.

MP3 ndiyo ilizibeba

Ngoma ya dakika tano kwa CD inakula karibu MB 53. Kwa saiba za enzi hizo, hiyo ungeingoja hadi wafunge. MP3, yenye ilipewa hilo jina 1995 na watafiti wa Fraunhofer kule Ujerumani, inaishusha hadi kama MB 5 ukitumia 128 kbps. CD yenye ilibeba ngoma kama 15 ikaanza kubeba zaidi ya 100. Flashi na simu zikamaliza kazi.

Inafanyaje? Fikiria uko kwa nganya, wufa inapiga, simu ya jirani inalia na huiskii. Sauti kubwa imefunika ndogo. MP3 inatafuta zile sauti zenye sikio halingezishika, inazitupa, inabaki na zingine.

Kitu ya kwanza kupotea: sauti yenyewe

Chenye kimetupwa hakirudi. Ukitoa faili kutoka 128 uipeleke 320, inanenepa tu, sauti ni ile ile. Na kila ukiisevu tena kama MP3, inaeza pungua zaidi. Kwa earphone za soo mbili hutajua. Kwa spika za harusi, matoazi yanalia kama mafuta ya chipo, na kama ndio unaanza u-DJ, huyo klayenti hakuiti tena.

Ya pili: jina

Faili ikipita mikono kumi, kwa nafasi ya msanii inabaki jina la saiti au la DJ. Mwenye aliimba ameyeyuka, na doo yake pia.

Hii si story ndogo. 2002, Truth Hurts wa Marekani alitoa "Addictive", produsa akiwa DJ Quik. Ndani kulikuwa na kipande cha wimbo wa Lata kutoka filamu ya Jyoti, 1981, na ruhusa haikuwa imeombwa. Mtunzi, Bappi Lahiri, akaenda korti, na 2003 jaji akaamuru albamu isiuzwe tena hadi jina lake liandikwe.

Hapa Kenya pia kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ukichukua kipande cha ngoma ya mtu, kuna ruhusa mbili: ya mtunzi, na ya mwenye rekodi. Ukirusha YouTube bila hizo, mfumo wao unaeza kuishika, na pesa ya matangazo iende kwa mwenyewe.

So kabla ufungue FL Studio kwa keja yako hapo Kimbo, fanya hivi: tafuta jina la mwimbaji na mtunzi, uliandike kwa faili, nunua kopi safi, ikiwezekana WAV, na ukitaka kuuza, omba ruhusa kwanza. Itakuchukua muda, lakini ngoma ikishika hakuna mtu atakushushia.