Jina na Alama ya Sherehe ya Taa



Tuseme kikundi chenu hapa Runyenjes kimeamua kufanya usiku wa taa: watoto na taa zao, nyimbo, na mchango wa kazi fulani ya kijiji. Kabla ya kukimbilia kuchapisha fulana, hebu kaeni chini kwanza. Jina baya au picha isiyoeleweka itakula pesa za wanachama, na hizo hazirudi.

1. Jina
Liwe fupi, nyanya alitamke na mtoto alikumbuke. "Mwangaza" ni neno zuri, lakini shule, maduka na vikundi vingapi vinaitwa hivyo tayari? Ongezeni kitu cha kwetu: kilima cha Kirimiri, kahawa, ama neno la Kiembu ambalo wazee watalikubali. Wenzetu wa Zanzibar walipoanzisha tamasha la filamu miaka ya 1990, waliliita la Nchi za Jahazi, maana jahazi ndilo lililounganisha watu wa pwani hizo. Hata zawadi yao kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Jina na alama vinaenda pamoja.

2. Alama
Picha moja yatosha. Si mlima, ng'ombe, taa na mikono miwili, vyote mahali pamoja! Watanzania wana mwenge, uliopandishwa Kilimanjaro wakati wa uhuru, Desemba 1961. Mtu akiuona haulizi ni nini.

Lakini angalieni! Taa ya kandili imejulikana kama alama ya chama cha DP, kama vile jogoo ni wa KANU na wilibaro ni ya UDA. Mkiichora, wengine watasema, "Kumbe ni siasa," nao watabaki nyumbani. Koroboi je? Wengi wetu tulisomea kwa koroboi.

3. Jaribuni kabla ya kulipa
- Mwonyesheni mtoto picha mara moja, kisha aichore kwenye mchanga. Akishindwa, punguzeni mistari.
- Ipigeni fotokopi. Ikipoteza sura bila rangi, haifai.
- Itundikeni jioni, msimame ng'ambo ya barabara. Nyekundu huonekana nyeusi gizani. Nyeupe au manjano juu ya nyeusi husomeka vizuri.

4. Alama ni ya nani?
Kijana anayechora alipwe haki yake, na muandikiane kwamba picha sasa ni mali ya kikundi. Bila karatasi, siku akikosana na mwenyekiti mtaanza kuvutana. Pia, kusajili kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii hakulindi jina la sherehe. Hilo husajiliwa KIPI, Nairobi, kama alama ya biashara. Mweka hazina aulize ada mapema.

Maswali ya kujadiliana
Ni kitu gani mtu wa hapa akikiona anasema, "Hii ni yetu"? Je, akina mama na vijana wameulizwa, ama ni kamati tu iliyoamua?