Kwa Nini Barafu ya Kilimanjaro Inapungua

Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne kwa nini barafu ya Mlima Kilimanjaro inapungua, jibu huja kabla hujamaliza swali: joto la dunia limeongezeka, barafu imeyeyuka. Jibu hilo si uongo, ila ni nusu tu, na mtahini hutoa alama kwa kilichoandikwa. Hapa tunashughulikia nusu iliyobaki. Ni kweli kwamba Jiografia utaijibu kwa Kiingereza, lakini jambo usilolielewa kwa Kiswahili hutalieleza vizuri kwa lugha nyingine.

Tuanze na istilahi. Theluji ni chembe laini za maji yaliyoganda zinazoanguka kutoka mawinguni. Theluji ikirundikana miaka mingi na kushindiliwa na uzito wake, hugeuka barafu ngumu. Pande kubwa la barafu hiyo, linalodumu mwaka hadi mwaka na kujongea polepole kwa uzito wake lenyewe, huitwa barafuto. Kilimanjaro ina vilele vitatu, yaani Kibo, Mawenzi na Shira, na barafuto zake zote ziko Kibo.

Barafu inawezaje kukaa nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta? Ni kwa sababu ya mwinuko. Jotoridi hushuka kwa takriban nyuzijoto 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Tuseme pwani kuna nyuzijoto 28. Kileleni, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, tunapata:

28 – (5,895 ÷ 100 × 0.6) = 28 – 35.4 = –7.4

Vipimo halisi vya kileleni navyo vinatoa wastani unaokaribia nyuzijoto 7 chini ya sifuri. Sasa litazame jibu la "joto limeongezeka, barafu imeyeyuka". Kama hewa ya juu kule kwa wastani iko chini ya kiwango cha kuganda, barafu inapotelea wapi?

Fikiria kihenge cha uwele. Huku kwetu Kintinku mvua ni ya msimu mmoja, basi kihenge hujazwa mara moja na kuliwa mwaka mzima. Kikionekana kitupu, kuna mambo mawili ya kuchunguza: walaji wameongezeka, au mavuno yamepungua. Barafuto nayo ina kinachoingia, ambacho ni theluji, na kinachotoka, ambacho ni maji na mvuke. Tofauti ya viwili hivyo inaitwa mizania ya barafu. Wanafunzi wengi huwaona walaji tu, mavuno hawayaulizi.

Takwimu za kukumbuka ni hizi: mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 11.40. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Kokotoa mwenyewe: 11.40 – 1.76 = 9.64, gawanya kwa 11.40, zidisha kwa 100, unapata karibu asilimia 85. Upungufu ulianza kabla ya magari na viwanda kujaa duniani. Viwango vya maji vya maziwa ya Afrika Mashariki vilishuka mwishoni mwa karne ya 19, dalili kwamba eneo letu liliingia katika kipindi cha ukavu. Theluji mpya ikawa haba.

Uhaba huo unadhuru kwa namna mbili. Kwanza, kihenge hakijazwi. Pili, theluji mpya ni nyeupe sana na hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, sifa inayoitwa albido. Linganisha bati jipya na bati lililoshika kutu: lipi linachoma mkono saa saba mchana? Barafu ya zamani yenye vumbi hufyonza jua jingi zaidi.

Nishati hiyo ya jua haiishii kuyeyusha tu. Katika hewa kavu na baridi, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Badiliko hilo linaitwa sablimesheni. Umewahi kuona vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini? Hupungua mpaka vikaisha, na nguo hazilowi. Sablimesheni hutumia nishati takriban mara 8 kuliko kuyeyusha kiasi kilekile cha barafu, kwa hiyo huenda polepole, lakini jua la Ikweta halikosekani. Kuyeyuka nako kupo, usikufute kwenye jibu lako.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi huliruka. Kingo za barafu ya Kibo ni kuta zilizosimama wima. Theluji haiwezi kutulia ukutani, ila jua linaupiga ukuta huo vizuri kabisa. Maana yake, ukuta unaweza kurudi nyuma tu. Hauna njia ya kukua tena.

Watafiti wenyewe hawakubaliani katika kila kitu. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ilitoboa barafu ya Kibo na kutoa miche sita mirefu kama magogo ya muwa, mirefu zaidi ikifikia mita 50 hivi. Walikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ina miaka 11,700, na walikuta tabaka la vumbi linaloashiria ukame mkali wa miaka takriban 4,000 iliyopita. Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, na wenzake wana shaka na umri huo, na wao ndio waliosisitiza hoja ya ukavu. Usiichukulie hoja hiyo kana kwamba inaondoa ongezeko la joto duniani. Unyevu wa Kilimanjaro hutoka Bahari ya Hindi, na bahari ikibadilika joto, mvua na theluji hubadilika pia.

Mjadala huo unaweza kuusikiliza. Tangu 2020 International Glaciological Society, chama cha wataalamu wa barafu chenye makao Uingereza, kimekuwa kikiendesha semina kwa njia ya mtandao: mtafiti anaeleza kazi yake, wenzake wa nchi nyingine wanamhoji. Bando ni ghali na mtandao wa huku una siku zake, basi ukipata nafasi, sikiliza kwa shabaha moja: mzungumzaji anasema nini kinaingia, nini kinatoka, na amepimaje? Mara nyingi utasikia habari za Greenland na Antaktika. Usizichanganye na Kibo. Barafu ya Greenland ikiisha yote, bahari duniani itapanda takriban mita 7. Ya Kibo ikiisha, Dar es Salaam haitaona tofauti.

Jihadhari pia na makadirio. Thompson alisema mwaka 2002 kwamba barafu ya Kibo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo. Utafiti wa 2013 ulikadiria kuwa sehemu kubwa itakuwa imekwisha kufikia 2040. Katika mtihani andika "inakadiriwa", usiandike "itaisha".

Kosa la mwisho ni la mito. "Barafu ikiisha, Mto Pangani utakauka" ni sentensi inayopoteza alama. Barafu ya Kibo ni ndogo mno kulisha mito. Maji mengi ya mlima hutokana na ukanda wa msitu, ambako mvua ni kubwa na miti hunasa ukungu. Tishio kwa mito ni ukataji miti na moto, kama ule wa Oktoba 2020.

Maswali ya mazoezi

1. Kokotoa wastani wa kilomita za mraba za barafu zilizopotea Kibo kwa mwaka, kati ya 1912 na 2011. (alama 3)
2. Kwa kutumia mizania ya barafu, eleza jinsi barafuto inavyoweza kupungua hata kama jotoridi la hewa halijapanda. (alama 6)
3. "Kulinda msitu wa Kilimanjaro ni muhimu zaidi kwa wakulima wa bonde la Pangani kuliko kulinda barafu yake." Jadili. (alama 15)