Si Kila Hadithi ya Angani ni ya Watoto

Jumamosi moja alasiri, jua la Isiolo likianza kulegea, niliingia katika kibanda kimoja cha video mtaani Bulla Pesa nikiandamana na wanangu wawili. Mvulana ana umri wa miaka 14. Dada yake, kitindamimba wangu, ana miaka 7. Mlangoni hapakuwa na tangazo lolote kuhusu umri. Kijana aliyepokea kiingilio alihesabu sarafu, hakuhesabu miaka ya watoto. Hata hivyo, kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilisikia kuna vyombo vya angani na panga za nuru, nikadhani ni mchezo wa watoto.

Filamu yenyewe ni Revenge of the Sith, ya mfululizo wa Star Wars, aliyoiongoza George Lucas na kutolewa mwaka wa 2005. Ni filamu tangulizi: ilitengenezwa baada ya zile tatu za 1977, 1980 na 1983, ila inasimulia mambo yaliyotokea kabla yake. Inaeleza jinsi Anakin Skywalker, shujaa aliyependwa, alivyogeuka kuwa Darth Vader, jitu katili lenye barakoa nyeusi.

Na hapo ndipo penye tatizo. Mtu mzima aliyeziona zile za kale anajua mwisho wake. Anachotazama ni njia: hofu ya Anakin ya kufiwa na mkewe, ahadi za mwanasiasa mjanja, na bunge linaloshangilia huku likimkabidhi mtu mmoja mamlaka yote. Hayo ni mafunzo makubwa, na sisi Wakenya hatuna haja ya kusafiri hadi angani kuyaelewa. Kwa watu wazima, nathubutu kusema kwamba filamu hii inafaa, na inafaa sana.

Lakini mtoto asiyezijua zile za kale huona nini? Katika filamu ya 1999, Anakin ni mtoto mdogo mtumwa, mcheshi na jasiri, na watoto humpenda kama rafiki yao. Katika hii, rafiki huyo anaingia hekaluni na upanga wake wa nuru, na mbele yake wamesimama watoto wanaomtazamia awaokoe. Kamera haikuonyesha wakikatwa, lakini binti yangu alielewa. Alinishika mkono, akaninong'oneza: "Baba, wale watoto walikosa nini?"

Sikuwa na jibu. Baadaye Anakin alipokatwa viungo na kuungua kando ya mto wa moto, binti yangu alikuwa ameficha uso kifuani mwangu, nasi tukatoka kabla ya mwisho.

Wapo watakaosema kwamba hata bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi yaliyokula watu, nasi hatukudhurika. Ni kweli. Lakini zimwi la bibi lilikuwa zimwi tangu mwanzo, na bibi mwenyewe alikuwa papo hapo kututuliza. Kumwona mpendwa akigeuka zimwi ni jambo jingine. Tena mji wetu si mgeni wa moto. Katika mapigano ya mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, nyumba zilichomwa na watu wakauawa. Binti yangu hakuwa amezaliwa, lakini amewasikia wakubwa wakizungumza. Kwake, jirani kumgeukia jirani si hadithi ya angani.

Marekani kwenyewe, filamu hii ilikuwa ya kwanza katika mfululizo huo kuwekewa tahadhari kwa wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Lucas mwenyewe alisema kabla haijatolewa kwamba asingempeleka mtoto wa miaka mitano au sita kuitazama. Iwapo mpishi mwenyewe ameonya kwamba chakula kina pilipili, sisi tunamlisha mtoto kwa nini?

Hapa Kenya tunayo Bodi ya Kuainisha Filamu, na alama zake zinaeleweka: kuna filamu za watu wote, za kutazamwa kwa mwongozo wa mzazi, za miaka 16 na za miaka 18. Alama hizo hazina maana iwapo zinabaki kwenye karatasi. Wenye vibanda wazibandike mlangoni, na bodi ihakikishe kwamba zinafuatwa hata katika miji ya mbali na Nairobi.

Hata hivyo, bodi haiwezi kuketi kando ya kila mtoto. Ushauri wangu ni huu: mtoto wa chini ya miaka kumi asiitazame. Wa miaka 13 na zaidi aitazame pamoja na mzazi, akiwa amekwisha kuziona zile za kale, ambamo Vader hatimaye anajitoa mhanga kumwokoa mwanawe. Mvulana wangu alinieleza hayo usiku ule, tukazungumza hadi saa nne kuhusu hofu na tamaa ya mamlaka.

Binti yangu naye alilala taa ikiwaka. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini kumkunja si kumvunja.