Kupima Alkali Huru Penye Ayoni za Zinki

Walimu wengi tumezoea kufundisha titresheni kwa mimumunyo iliyo safi: asidi katika bureti, alkali katika chupa, na rangi ya kiashiria ikibadilika kazi imekwisha. Katika karakana zinazopaka vyuma zinki kwa umeme, mambo si mepesi hivyo. Humo zinki huwa imeyeyushwa katika kostiki soda, na fundi hutaka kujua ni alkali kiasi gani iliyobaki huru. Alkali hiyo ikipungua mno, zinki huanza kutuama.

Tuchukue mfano unaofaa maabara ya shule. Gramu 12 za kostiki soda huyeyushwa katika maji kidogo, kisha huongezwa gramu 1.22 za oksidi ya zinki, na mmumunyo kufikishwa mililita 100. Kwa kipimo cha lita, hizo ni moli 3 za alkali na moli 0.15 za zinki. Kila moli ya oksidi hutumia moli 2 za alkali kuunda zinketi. Basi alkali iliyo huru ni moli 2.7.

Sasa tupime mililita 5 kwa asidi ya hidrokloriki yenye moli 1 kwa lita. Alkali huru ingetosheka kwa mililita 13.5. Lakini fenolfthalini hupoteza rangi kwenye mililita 15.0 hivi, na mashapo meupe hujitokeza, kwa kuwa zinketi nayo hupokea asidi:

Zn(OH)₄²⁻ + 2H⁺ → Zn(OH)₂ + 2H₂O

Tukiongeza methili orenji na kuendelea, mashapo huyeyuka na kutumia asidi nyingine, hadi mililita 16.5. Tofauti ya mililita 1.5 ndiyo sehemu ya zinki. Tukiiondoa katika 15.0 tunarudi kwenye 13.5. Asidi iongezwe polepole huku tukikoroga, maana mashapo huchelewa kukamilisha mmenyuko na rangi huweza kurudi.

Hesabu hii hufaa mmumunyo mpya tu. Mmumunyo wa zamani hufyonza kaboni dioksidi ya hewani, na kaboneti inayotokea huvuruga vipimo vyote viwili. Hapo hutangulizwa kloridi ya bariamu ili kuituamisha kaboneti, nasi huishia kwenye fenolfthalini. Zinki hupimwa peke yake katika sampuli nyingine, kwa EDTA. Kisha kwa kila moli ya zinki tunapunguza moli 2 za alkali.

Tunawaonya walimu jambo moja. Baadhi ya karakana hutumia mimumunyo ya sianidi. Hiyo isiletwe darasani kamwe, kwani ikikutana na asidi hutoa gesi ya kuua. Hata kostiki soda huunguza ngozi na macho. Miwani ivaliwe, wala pipeti isivutwe kwa mdomo.

Tusiwape wanafunzi jibu mapema. Tuwaache waone 15.0 mahali walipotarajia 13.5, kisha tuwaulize: asidi iliyozidi imekwenda wapi? Bureti hupima kila kinachopokea asidi. Kutambua ni nini kilichoipokea ni kazi ya mkemia.