Nywele Kunyonyoka Baada ya Kujifungua

Mama mwenye mtoto wa miezi 3 huja kliniki na hofu: kila akichana, nywele zinatoka kwa mafungu. Jirani amemwambia amerogwa, au mtoto anamnyonya nguvu, amwachishe ziwa. Asimwachishe!

Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika miezi kama 3, kisha hudondoka ili mwingine uote. Wakati wa mimba nywele nyingi huchelewa kupumzika. Mama akishajifungua, hupumzika kwa pamoja na kudondoka kwa pamoja. Kwa kawaida hujaa tena mtoto afikapo mwaka 1.

Mama, endelea kunyonyesha. Kula maharage, dagaa na mchicha. Usisuke kwa kukaza. Ukiona mabaka ya upara, vidonda kichwani au uchovu mwingi, nenda zahanati ukapimwe damu.