Jumong, Mopalmo na matanuru ya Ufipa: sizoni yenye akili unaijuaje?

Jioni Sumbawanga, baridi imeshuka, kuna mtu anaangalia sizoni ya Kikorea iliyotafsiriwa Kiswahili. Pembeni kuna mwingine anamwambia anapoteza muda. Nani yuko sahihi? Inategemea sizoni. Kipimo chetu ni hiki: inakuachia nafasi ya kufikiri, au inakupa majibu bure?

Chukua Jumong, iliyorushwa na MBC ya Korea Kusini mwaka 2006 hadi 2007, vipande 81. Panga za Buyeo zinavunjika zikigongana na za Wahan. Waandishi wangeweza kuleta upanga wa kichawi, mambo yakaisha. Badala yake wakampa kazi mhunzi, Mopalmo. Anajaribu, anafeli, anarudi tena kwenye moto.

Tatizo lake ni la kweli kabisa. Chuma chenye kaboni kidogo mno ni laini, kinapinda. Kaboni ikizidi, kinakuwa kigumu ila kinavunjika kama chungu. Feleji iko katikati: ina kaboni, lakini haizidi asilimia 2 hivi.

Sasa toka nje kidogo. Wafipa nao walifua chuma. Matanuru yao marefu, malungu, yalifika mita 3 hivi na hayakuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipanda juu, hewa mpya ikaingia yenyewe kwenye matundu ya chini. Mkaa ulitoa kaboni monoksaidi, gesi inayonyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake. Chuma chenyewe hakikuyeyuka, maana chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Kilibaki bonge lenye takataka, likasafishwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameandika mengi kuhusu kazi hii.

Tahadhari: usiichukue Jumong kama kitabu cha historia, mengi ni ya kubuni. Faida yake ni kukuzoesha kuuliza "kwa nini imeshindikana?"

Kwa hiyo kipande kijacho, simamisha kabla jibu halijatoka, ubashiri mwenyewe. Ukikosea, tafuta ulipokosea. Halafu kamuulize babu au bibi kuhusu ilungu. Malungu ni ya udongo, na kila msimu wa mvua unayala kidogo. Itakuwa aibu tukimjua Mopalmo kwa jina, halafu tusijue wahunzi wa kwetu walifanyaje.